Meza ya Fundi Nyumbani kwa Mkulima

Hotuba ya karakana iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Halmashauri ilipotutaka sisi wa karakana tuseme maneno katika siku hii, tulidhani tungepewa mambo makubwa, kama vile bei ya kahawa au mikopo ya pembejeo. Katibu akatujibu kwa upole kwamba mambo hayo yamekwisha kugawiwa wenye elimu nayo, nasi tuseme tunayoyajua. Basi tunayoyajua ni meza. Hatusemi meza ya kulia chakula, wala meza ya karani. Twasema meza ya fundi, ambayo mkulima aweza kuijenga katika baraza yake mwenyewe, na juu yake akafanya kazi za mbao, kazi za chuma na kazi ya kunoa, pasipo kuhitaji nyumba nyingine.

Huenda wengine wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa sherehe kama hii. Tuwieni radhi tuwasimulie kisa kimoja, kisha mtapima wenyewe.

Msimu mmoja wa mavuno alitujia mwanachama kutoka vijiji vya juu, amefunga mashine yake ya mkono ya kumenyea kahawa juu ya baiskeli. Sikio la mashine lilikuwa limevunjika. Tukamwuliza imekuwaje. Akasema kwamba jioni ya juzi yake, matunda yakiwa yamekwisha kuchumwa na kujaa magunia, mashine ilianza kukata punje, kwa maana nafasi kati ya ngoma na kifua chake ilikuwa imekaza. Dawa yake aliijua, kwani alifundishwa: ni kulegeza nati mbili, kurudisha kifua nyuma kadiri ya unene wa kucha, kisha kukaza tena. Lakini nati moja ilikuwa imeshika kutu. Mashine akailaza juu ya jiwe, akaikanyaga kwa mguu mmoja, mwanawe akashika upande wa pili, naye akapiga spana kwa nyundo. Spana ikateleza, nyundo ikaangukia sikio la mashine. Nanyi mwajua kwamba chuma cha kusubu hakipindi kama chuma cha mhunzi. Kikipigwa kando huvunjika kama chungu.

Matunda ya kahawa yaliyochumwa leo hayana budi kumenywa leo. Yakilala katika magunia huanza kupata moto na kuchachuka, na ule uchachu ukiingia katika punje hautoki tena kwa kuoshwa wala kwa kuanikwa. Mwanachama wetu alitafuta mashine ya jirani, akaipata siku ya pili jioni. Kahawa ile ilipopimwa ilishushwa daraja, naye akapokea malipo ya daraja hilo la chini, ingawa miti yake ilikuwa imetunzwa vizuri mwaka mzima.

Kwetu sikio liliungwa kwa siku moja. Lakini tuliichukua ile nati yenye kutu, tukaibana pamoja na bolti yake katika jiliwa, tukaipaka mafuta, tukangoja kidogo, ikafunguka kwa mkono mmoja. Alipoiona ikifunguka alinyamaza kimya. Hatukumlaumu, wala hatukuwa na haki ya kumlaumu, kwa sababu mwaka wa kwanza wa karakana yetu sisi wenyewe tulikuwa tukifanya kazi chini, tukibana mbao kwa vidole vya miguu, mpaka mwenzetu mmoja alipojipiga tezo juu ya mguu akalala nyumbani mwezi na zaidi.

Mtu yule alikuwa na nyundo, spana na koleo. Vyombo alikuwa navyo. Alichokosa ni kitu cha kuikamata kazi isitoroke. Hiyo ndiyo habari yetu yote ya leo: mkulima wetu hutumia fedha kununua vyombo vya kupigia, kukatia na kuchongea, wala hanunui wala hajengi kitu cha kushikia. Ukienda Ujiji au Kibirizi ukawatazama mafundi wa mitumbwi, utaona wanavyoheshimu jambo hili. Kabla fundi hajagusa ubao kwa tezo, huutengenezea kwanza mahali pa kukaa, kwa vigingi, kwa kabari na kwa kamba, mpaka ubao ule hautikisiki. Sisi wa mashamba twaona kazi hiyo kuwa ni kupoteza wakati.

Wala si sisi tu. Bwana Ron Hickman, aliyezaliwa Natal katika Afrika ya Kusini na kuwa mbuni wa magari ya Lotus huko Uingereza, mwaka 1961 alikuwa akitengeneza kabati nyumbani kwake. Kwa kuwa hakuwa na meza ya fundi aliegemeza ubao juu ya kiti kizuri, akaupiga msumeno, akakata ubao na kiti pamoja. Hasara hiyo ikamfanya abuni meza ya kukunjwa ambayo uso wake wote hufunga na kufunguka kama mataya ya jiliwa. Kampuni kadhaa zilimkatalia; mwishowe Black & Decker wakaikubali katika miaka ya 1970, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Meza ile ni nyepesi na yafaa kwa mtu akaaye katika vyumba viwili vya mjini. Kwa kazi zetu wepesi ni aibu, kama tutakavyoeleza.

Sasa yafaa tujibu neno ambalo limesemwa katika Halmashauri na ambalo hatutaki lisemwe pembeni tu. Wapo viongozi, nao ni watu wenye nia njema, waliouliza: Mwanachama akiwa na meza yake na jiliwa lake, karakana ya Chama itapata kazi gani? Jibu letu ni kwamba karakana ina kazi kupita kiasi. Wakati wa mavuno mashine husimama mlangoni kwetu kama wagonjwa wa zahanati, na zilizo nyingi zina ugonjwa wa nati, wa mpini au wa makali, mambo ambayo mwenyewe angeyamaliza kabla ya chakula cha mchana. Zile zenye maradhi makubwa, zinazotaka kuchomelewa au kuchongewa ekseli mpya, hungoja nyuma yake. Kila nati inayofunguliwa nyumbani ni nafasi ya mwanachama mwingine katika mstari ule.

Tena kuna jambo la pili. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982 ya kuvirudisha. Hatukuja kufufua ugomvi wa zamani siku ya furaha. Twasema tu kwamba ufundi uliowekwa mahali pamoja huweza kuondoka kwa siku moja, na jiliwa lililofungwa barazani kwa mkulima halifutwi kwa tangazo. Hata Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilikusudiwa kueneza ufundi mikononi mwa watu wengi, wala si kuukusanya.

Basi tuingie katika ujenzi.

Jambo la kwanza, ambalo watu wengi hulikosea, ni kimo. Fundi wa mbao hutaka meza ya chini, ili apigapo randa uzito wa mwili wake uteremke juu ya kazi. Kipimo chake ni kusimama wima, mikono ikining'inia, na uso wa meza ufike katika kifundo cha mkono. Fundi wa chuma hutaka kinyume chake. Apigapo tupa, kazi iwe sawasawa na kiwiko, la sivyo mgongo humwuma kabla ya saa moja. Je, tujenge meza mbili? Hapana. Jiliwa la chuma lenyewe lina kimo chake. Likifungwa juu ya meza husimama inchi 7 au 8, na hizo inchi 7 au 8 ndizo zilizo karibu na tofauti kati ya kifundo na kiwiko cha mtu mzima. Kwa hiyo jenga uso wa meza kwa kipimo cha kifundo, ambacho kwa watu wengi ni kama futi 2 na inchi 8, ulifunge jiliwa juu yake, na kila kazi itapata kimo chake. Mkiona mataya ya jiliwa yamebaki chini ya kiwiko, wekeni kipande cha ubao mgumu chini ya kitako chake. Mabibi wanaokusudia kuitumia meza, na twajua wapo, kwa sababu mashine za kukamulia mawese ziko mikononi mwao, wapime miili yao wenyewe wala wasikubali kipimo cha mume.

Jambo la pili ni uzito. Meza nyepesi hutembea. Ukisukuma randa, meza hukimbia mbele yako. Ukipiga nyundo, nusu ya nguvu huishia katika kutikisika kwa miguu yake. Mfaransa Roubo, seremala wa Paris, alipoandika kitabu chake kikubwa cha useremala kati ya mwaka 1769 na 1775, alieleza meza ya ubao mmoja mnene juu ya miguu minene, na mpaka leo mafundi wa nchi nyingi huiiga. Sisi hatuna ubao mpana wa namna ile, lakini twaweza kuupata uzito kwa njia nyingine.

Kuhusu miti, kila mtu atataja mninga, nasi twakubali kwamba mninga ukikauka hautanuki wala kusinyaa sana, na randa huupenda. Lakini ni mti wa bei, tena haukatwi ovyo; Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali, na misitu yetu ya miombo haina ziada ya kupoteza. Meza ya kupigwa nyundo na kumwagiwa mafuta haistahili kuuliwa mninga. Tumieni mkaratusi uliopandwa. Ni mzito na ni mgumu. Ubaya wake ni kupasuka na kujikunja ukikaushwa kwa haraka. Upasueni mbao mapema, mzipange kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite katikati, mzipake ncha zake rangi nzito au lami, kisha mngoje. Mafundi huhesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Asiyeweza kungoja na anunue mbao kavu za msindano, aongeze unene, na uzito aupate kwa kuweka rafu mvunguni na kuipakia mawe au debe la mchanga. Mbao za mtumbwi mkuukuu ni kavu na ni nzuri, walakini zimejaa misumari iliyojificha; tumepoteza makali ya randa mbili kwa tamaa hiyo. Ama gogo la mchikichi, tumeulizwa mara nyingi, na jibu ni lile lile: halina mbao ndani yake, ni nyuzi na maji. Mchikichi ukitupa mafuta umekwisha kutimiza wajibu wake.

Uso wa meza uwe wa mbao mbili, kila moja upana wa inchi 10 na unene wa inchi 2 na nusu au 3, zikiachana nafasi ya inchi 2 katikati. Nafasi hiyo si uchoyo wa mbao. Patasi na misumeno husimama humo bila ya kubingirika, na kibano huweza kupita chini yake kukamata kazi katikati ya meza. Urefu uwe futi 6 kama baraza yaruhusu, wala usipungue futi 4. Miguu iwe ya inchi 4 kwa 4. Kila jozi ya miguu iunganishwe kwa mbao za kupingana, zenye ulimi uliochomekwa katika tundu, kwa sherisi na vigingi vya mti mgumu. Lakini boriti mbili ndefu zinazounganisha jozi hizo mbili msizigandishe kwa gundi. Ulimi wake upite hata upande wa pili wa mguu, uchomekwe kabari nje. Kiangazi kikija mti ukasinyaa na meza ikaanza kulia, mtapiga kabari mara mbili kwa nyundo ya mti nayo itanyamaza. Tena ukihama waweza kuifungua na kuipakia.

Kila mguu usimame juu ya jiwe bapa au tofali la saruji. Tumeona meza nzuri ambayo mwenyewe aliizika miguu yake ardhini ili isitikisike. Haikutikisika, na baada ya misimu miwili mchwa walikuwa wamekwisha kupanda mpaka katika droo.

Sasa majiliwa, ambayo ndiyo roho ya meza. Upande wa kushoto, kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, jengeni jiliwa la mti katika mguu wa mbele. Mguu wenyewe ndio taya lisilotembea. Taya la pili ni ubao wa unene wa inchi 3 na upana wa inchi 8, wenye urefu wa kutoka uso wa meza mpaka karibu na ardhi. Katikati yao hupita parafujo kubwa, kama inchi 9 chini ya uso wa meza, nayo nati yake imezamishwa nyuma ya mguu. Parafujo hiyo msiinunue dukani kabla ya kutafuta katika vyuma chakavu; jeki kuukuu za parafujo zilizotupwa na wenye malori zina parafujo bora kuliko zinazouzwa. Chini kabisa, ubao mwembamba wenye safu ya matundu utoke katika taya la mbele na kupita katika tundu la mguu, na kigingi kichomekwe katika tundu moja kulingana na unene wa kazi. Kigingi hicho huzuia sehemu ya chini isiingie, na kwa hiyo mataya hukaza juu, mahali panapotakiwa. Asiyeweka kigingi atalalamika kwamba jiliwa lake halishiki, na kosa litakuwa lake.

Angalieni jambo moja katika ujenzi huu. Uso wa mbele wa mguu na ukingo wa mbele wa meza viwe mstari mmoja, pasiwe na kimoja kilichotokeza. Ndipo ubao mrefu, au mlango mzima, utakapoweza kubanwa katika jiliwa huku umelala juu ya ukingo wote wa meza. Tulipojenga meza yetu ya kwanza tuliacha uso utokeze inchi 2 kwa ajili ya uzuri, kama meza ya chakula. Uzuri ule tuliukata kwa msumeno baadaye.

Jiliwa la chuma hufungwa upande wa kulia, juu ya mguu hasa wala si kati ya miguu, ili pigo la nyundo literemke moja kwa moja mpaka ardhini. Mataya ya inchi 4 yatosha kazi zote za nyumbani. Lifungwe kwa bolti zinazopita hata chini ya ubao, zenye washa pana. Misumari na parafujo ndogo zitang'oka. Taya la nyuma litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili bomba refu au ekseli ya mashine iweze kusimama wima ndani yake bila ya kugonga mbao. Wekeni karibu vipande viwili vya mti vya kufunika mataya, maana meno ya jiliwa huumiza chuma laini. Kwa ngoma ya mashine ya kahawa chongeni vipande viwili vyenye mkato wa pembe katikati, vikumbatie ekseli kila upande. Ngoma ikishikwa hivyo mwaweza kuondoa bati la shaba lililochakaa na kuvika jipya bila ya kuponda hata tuta lake moja, na bati lisilopondwa ndilo lisilokata punje.

Kati ya majiliwa hayo mawili toboeni matundu machache ya inchi moja kasoro robo, yaliyosimama wima. Mhunzi apinde fito ya chuma cha mviringo, nyembamba kidogo kuliko tundu, mfano wa shingo ya korongo. Ukiichomeka katika tundu na kuipiga kichwani hujikaza yenyewe na kuubana ubao mezani. Ukiipiga kisogoni hulegea. Ni chombo rahisi kuliko vyote, na mgeni akikiona hukitilia shaka mpaka akione kikifanya kazi.

Katika kona ya nyuma wekeni cherehe ya mkono. Mikasi na misumeno ya kupogolea mikahawa, mapanga, majembe, na patasi zenyewe, vyote vyapita hapo. Msikaze chuma juu ya jiwe mpaka ncha ibadilike kuwa ya samawati. Rangi hiyo ni ishara kwamba ugumu wa chuma umeondoka, na makali yake hayatakaa. Maji yawepo karibu, chuma kichovywe mara kwa mara, kisha kimaliziwe kwa kinoo. Na maranda yafagiwe kabla ya cheche kuruka, kwani baraza nyingi zetu zina paa la nyasi au zimepakana na jiko.

Hapa vijana hutuuliza juu ya umeme. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na sasa kwa kuwa nyaya zimefika katika vijiji vingi, mashine ndogo za umeme zimeingia madukani. Kijana hununua msumeno wa duara, akaufunga kichwa chini mvunguni mwa meza, jino likatokeza juu, naye akasema kwamba amepata kiwanda. Hatukatazi. Meza iliyojengwa kwa uzito tuliosema yaweza kuubeba msumeno ule, hata keekee ya umeme na grainda. Lakini msumeno uliogeuzwa hauna kinga aliyoiweka mtengenezaji. Sharti pawe na kinga mpya juu ya jino, pawe na bapa jembamba nyuma yake la kuzuia ubao usijifunge na kurushwa nyuma, pawe na kijiti cha kusukumia ili vidole visikaribie, na swichi iwe mahali paja panapoweza kuifikia. Ama grainda iliyovuliwa kinga na kufungwa jiwe la kukatia mbao, hiyo twaikataa wazi wazi. Tumeona mkono wa mwenzetu, na hatutaki kuona mwingine. Ikiwa fedha zatosha kitu kimoja tu, basi na ziwe za jiliwa kabla ya msumeno wa umeme.

Yabaki kutu, adui wa kila mtu akaaye karibu na ziwa. Juu ya jambo hili pwani yetu ina mfano ambao hauna mwenzake. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Hapa hapa ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipokimbia waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Ikakaa chini ya maji miaka. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo yake bado yaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi safarini. Ikiwa grisi iliweza kuilinda injini ndani ya ziwa, haitashindwa kulilinda jiliwa lako barazani. Pakeni parafujo za majiliwa mwanzo wa masika na mwisho wake. Wengine hupaka mawese. Ni kweli kwamba zamani viwanda vya mabati ya bati huko Wales vilitumia mawese ya Afrika kuzuia chuma kisishike kutu kabla ya kuchovywa. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya muda mfupi. Mawese yakikaa huchacha, na uchachu wake wenyewe hula chuma. Yaacheni kwa chakula.

Bwana Mwenyekiti, meza ya mfano tumeisimamisha chini ya mwembe nje ya ukumbi huu, pamoja na majiliwa yake mawili, cherehe, na ngoma moja ya mashine ya kahawa kwa kila atakaye kujaribu. Imejengwa kwa mkaratusi wa mwanachama wetu mmoja na parafujo ya jeki iliyookotwa gereji. Halmashauri imetukubalia kuazima kwa zamu sanduku la vyombo vya ujenzi, ndani yake mkiwa na keekee kubwa, patasi ya inchi moja na nusu, skwea na pimamaji, wiki mbili kwa kila chama cha msingi, kuanzia vyama vilivyo mbali zaidi na barabara. Makatibu na waandikishe majina kwa karani wa karakana kabla ya kuondoka leo, na kila sanduku litarudishwa likiwa limepakwa grisi.